Nauvaa msalaba wa mama, lakini sijui kama bado naamini

Shikamoo Shangazi,

Nimesoma majibu yako kwa miaka mingi bila kukuandikia, kwa kuwa niliona yangu hayajafikia uzito wa barua. Sasa yamefikia, ingawa kwa macho ni kitu kidogo kisichozidi ukucha wa kidole gumba: msalaba wa fedha ninaouvaa shingoni.

Ulikuwa wa mama. Aliuvaa tangu kabla sijazaliwa, na sina picha yake hata moja ambayo msalaba haumo. Mtu akimuudhi, kabla ya kujibu aliushika kwa vidole viwili, akanyamaza kidogo, ndipo akafungua kinywa. Sisi watoto tukiona mkono umekwenda shingoni tulijua tumeharibu. Miaka miwili iliyopita, akiwa hoi kitandani, aliuvua mwenyewe, akanivisha, akasema, "Usiuvue." Siku nne baadaye akafariki.

Mimi ni muuguzi. Nina miaka 34, nina mume, na tuna mtoto wa kiume wa miaka 7. Nilibatizwa nikiwa mchanga, nikapata komunyo na kipaimara, nikaimba kwaya mpaka nilipoolewa. Lakini tangu mama aondoke, sala imenikauka. Nikienda kanisani napiga magoti wenzangu wanapopiga, nasimama wanaposimama, na ndani yangu ni kimya kitupu. Siwezi kusema siamini. Kusema naamini nako ulimi unakuwa mzito.

Kaka yangu mkubwa aliokoka miaka kadhaa iliyopita na kuhamia kanisa jingine. Mwezi uliopita aliniambia mbele ya mume wangu kwamba nimebeba sanamu shingoni, kwamba Biblia imekataza waziwazi, na kwamba mama alikufa bila kuelewa. Hilo la mwisho liliniuma mpaka leo.

Rafiki yangu wa zamu, Mwislamu anayevaa hijabu yake kila siku, aliniuliza kwa upole kabisa: "Dada, unauvaa kwa sababu unaamini au kwa sababu unamkumbuka mama?" Nilikosa jibu. Tena kuna mzee mmoja wodini aliyeuona msalaba wangu usiku, akaniomba nisali naye. Nilimshika mkono tukasema Baba Yetu mpaka mwisho, akalala. Mimi nikatoka pale nikijiona mwizi.

Sasa hili sijamwambia mtu yeyote. Kazini kanuni zinatutaka tuvue mapambo tunapoingia chumba cha upasuaji, kwa hiyo mara nyingi msalaba unakaa mfukoni. Siku moja niliusahau nyumbani, na siku hiyohiyo tukampoteza mgonjwa tuliyetarajia aende nyumbani kesho yake. Damu iliganda mguuni, bonge likasafiri hadi kwenye mapafu. Naelewa kabisa lilivyotokea. Lakini njiani kurudi nyumbani kichwani mwangu kulikuwa na neno moja tu: ungekuwa nao. Tangu siku ile nikiusahau narudi kuuchukua, na mara mbili nimechelewa kazini kwa sababu hiyo. Nimesoma, Shangazi. Najua kipande cha fedha hakizuii damu kuganda. Na bado narudi.

Juzi mwanangu akauliza: "Mama, huo ndio unakulinda? Naomba niuvae siku ya mtihani." Nikamwambia tutaongea. Hatujaongea.

Je, mimi ni mnafiki? Je, kaka anasema kweli? Na mtoto nimwambie nini?

Binti wa mama yake

*

Marahaba, binti yangu.

Pole kwa kumpoteza mama. Na pole kwa yule mgonjwa pia, maana nahisi hiyo hakuna aliyekupa. Watu huwapa pole ndugu wa marehemu na kumsahau aliyemwosha, aliyempima mapigo ya moyo, aliyemwambia "kesho unaenda nyumbani".

Nitaanza na yeye, ingawa umemficha katikati ya barua na hukumwulizia katika maswali yako matatu. Nadhani ndiye aliyekufanya uandike.

Jiulize jambo moja la hesabu, wewe uliyezoea kujaza chati. Katika miaka hii miwili, ni wagonjwa wangapi wamefariki msalaba ukiwa mfukoni mwako? Kwa kazi yako najua hawakosi. Na ni siku ngapi uliusahau, au uliuacha kwenye kabati la kazini, na wote wakaamka salama? Hizo hukuziandika popote. Huzuni huchagua inachohesabu. Ilichukua siku moja kati ya siku zaidi ya mia saba, ikaifunga kamba kwenye kitu cha mama, ikakuambia: angalia, hiki ndicho chanzo. Nafikiri kuna sababu ya ndani zaidi. Ukikubali kwamba msalaba haukuweza kumwokoa mgonjwa, itakubidi ukubali pia kwamba haukuweza kumwokoa mama, naye aliuvaa maisha yake yote. Ni afadhali kwako kujilaumu kuliko kuona kwamba hapakuwa na la kufanya. Nimewaona wengi wakichagua lawama kwa namna hiyo, na siwashangai.

Lakini tukitazame chenyewe hicho ulichonacho shingoni. Tumekizoea mno hata hatukioni. Ni mfano wa chombo cha kuulia. Warumi waliwatundika juu yake watumwa na waasi, kando ya njia, ili wapitao waogope. Raia wa Roma kwa kawaida hakuuawa hivyo, kwa kuwa ilikuwa aibu kupita kiasi. Wakristo wa kwanza waliliona hilo vizuri kuliko sisi. Walikuwa wakijiandika ishara ya msalaba kwenye paji la uso, Tertullian, mwandishi Mkristo wa zama hizo, anasimulia hivyo mwanzoni mwa karne ya 3, lakini kumchora Yesu akiwa msalabani walisita muda mrefu. Mmoja wa michoro ya kale kabisa ya aina hiyo haukuchorwa na muumini. Ulikwaruzwa ukutani mjini Roma na mtu aliyetaka kudhihaki: mwenye kichwa cha punda ametundikwa, chini yake kijana ameinua mkono, na maneno yanasema Alexamenos anamwabudu mungu wake. Katika kanisa la Santa Sabina, hukohuko Roma, mlango wa mbao wa karne ya 5 unaonyesha Yesu na wale wahalifu wawili, na hata hapo fundi hakuzionyesha vizuri zile nguzo.

Nakueleza haya kwa sababu moja. Kumbuka waliosimama chini ya msalaba walisema nini: "Aliokoa wengine, hawezi kujiokoa mwenyewe." Kwao, mtu wa Mungu lazima alindwe, asipolindwa, basi Mungu hayupo naye. Sasa lisikilize neno lililokujia njiani siku ile: ungekuwa nao. Binti yangu, hilo ni wazo lao. Mama yako alivaa alama ya mtu ambaye misumari ilimwingia kweli, akaita kwa sauti, akafa. Alama hiyo haijawahi kumwahidi mvaaji kwamba baya halitampata. Inamwambia kuna aliyepita hapa kabla yake. Ukiigeuza kuwa kinga ya ajali na ya damu iliyoganda, unaitaka iseme kitu ambacho Injili yenyewe haikusema.

Tuna neno la kitu kinachovaliwa ili kuzuia baya: hirizi. Limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni kinga au hifadhi. Sikulaumu kwa kuufanya msalaba wa mama hirizi, kwa kuwa hakuna dini ninayoifahamu ambayo watu wake hawakujaribiwa hivyo. Rafiki yako wa zamu anaweza kukusimulia habari za Umar bin Khattab, khalifa wa pili, alipolikaribia Jiwe Jeusi kwenye Kaaba. Imepokewa na Bukhari, mkusanyaji wa hadithi za Mtume, kwamba aliliambia jiwe: najua wewe ni jiwe, hudhuru wala hunufaishi, na lau nisingemwona Mtume akikubusu, nisingekubusu. Kisha akalibusu. Mimi huipenda sana habari hiyo. Hakuona haya kusema ukweli kuhusu jiwe, na ukweli huo haukumzuia kuinama. Alibusu kwa sababu ya aliyempenda, na alilisema hilo hadharani ili asiyejua asije akadhani nguvu imo ndani ya jiwe.

Na Wayahudi wana mezuza, kipande cha ngozi kilichoandikwa maneno ya Torati yanayoanza "Sikia, Ee Israeli", kinachowekwa kwenye mwimo wa mlango. Maimonides, aliyekuwa mwanasheria wa dini na tabibu, mtu wa hospitali kama wewe kwa namna yake, aliyefariki Misri mwaka 1204, aliwakemea vikali watu waliokuwa wakiongeza ndani yake majina ya malaika ili nyumba ilindwe. Kosa lao, alisema, ni kuichukua amri kubwa, ya kumpenda Mungu na kumkiri kuwa mmoja, wakaigeuza hirizi ya kujinufaisha wao. Kanisa lako wewe linasema jambo lilelile. Katekisimu ya mwaka 1992, namba 2111, inasema kwamba kudhani ishara takatifu hufanya kazi kwa kitendo cha nje peke yake, bila moyo unaopaswa kuambatana nacho, ni kuangukia ushirikina.

Mimi mwenyewe kwa miaka mingi nilibeba zaburi iliyoandikwa kwa mkono, nimeikunja kwenye pochi, na nilikuwa sisafiri bila hiyo karatasi. Siku moja ikaanguka, nikaiokota na kuifungua. Mikunjo ilikuwa imekula maneno, mistari mitatu haisomeki. Nikatambua kwamba nimeibeba miaka yote hiyo bila kuisoma hata mara moja. Karatasi ilikuwa imenitosha kwa kuwa ipo tu. Nilikaa kitandani nikaiandika upya, na safari hii nikaisoma kwa sauti.

Kwa hiyo nakuomba ufanye jambo hili, najua ni gumu. Siku utakayousahau tena, usirudi. Endelea na safari. Kifua kitakubana, mikono itatafuta shingo, uache ubane. Utafika kazini, utapokea zamu, utafanya kazi yako. Jioni utauvaa ukiwa huru zaidi kuliko asubuhi. Ukiona huwezi, ukajikuta unarudi mara tatu mara nne au umeanza kukagua na mambo mengine, mlango, jiko, dawa ulizokwisha kukagua, basi zungumza na mshauri nasaha. Wewe ungemshauri mgonjwa wako hivyo bila kusita, na huzuni ya miaka miwili iliyobebwa peke yako inastahili msaada huo.

Sasa unafiki. Hapa nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu unajipa jina lisilokuhusu. Mnafiki ni mtu anayetaka aonekane vile asivyo. Yesu alipowasema waandishi na Mafarisayo katika Mathayo 23, alisema matendo yao yote huyatenda ili watazamwe na watu, na kwamba hupanua hirizi zao na kuongeza matamvua. Ndiyo, hirizi: ndilo neno waliloliweka watafsiri wa Biblia ya Kiswahili kwa vile visanduku vya ngozi wanavyovifunga Wayahudi wakati wa sala. Tazama kosa liko wapi. Hakusema wavivue. Alikataa kuvipanua, kuvifanya vikubwa ili jirani aone. Wewe unauweka msalaba wako mfukoni nusu ya siku, na barua yako yote ni ya mtu anayeogopa kuaminiwa kupita anavyostahili. Mnafiki hapotezi usingizi kwa hofu hiyo.

Na ukimya unaousikia kanisani, usiuite kutoamini kwa haraka hivyo. Mama Teresa wa Kolkata alifariki mwaka 1997, na barua zake zilipochapishwa mwaka 2007, barua alizokuwa ameomba ziharibiwe, watu walisoma kwamba kwa karibu miaka 50 alikuwa akisali bila kuhisi kwamba kuna anayemsikia. Aliandika juu ya giza. Na muda wote huo msalaba mdogo ulikuwa umebanwa begani kwenye sari yake, na kila asubuhi aliamka akaenda kuwaosha wagonjwa. Wapo waliosoma barua zile wakasema kumbe alikuwa akiigiza. Mimi nilisoma nikaona mtu aliyetimiza neno lake hata pale ambapo halikumpa chochote. Sikwambii wewe ni mtakatifu. Ninachosema ni kwamba ukame wa sala una historia ndefu kuliko huzuni yako, na waliopita humo hawakuvuliwa alama zao na mtu yeyote. Yule baba katika Marko 9 aliyemleta mwanawe mgonjwa alisema sentensi yenye pande mbili: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Mtoto aliponywa kwa sentensi hiyohiyo. Kama ulimi wako ni mzito kwa maneno mengine, hayo yatakutosha kwa sasa.

Kuhusu yule mzee wa usiku. Hukumwibia kitu. Aliona alama, akadhani kuna mtu anayejua maneno anayoyahitaji, na kweli ulikuwa unayajua. Hakukuuliza hali ya imani yako. Aliomba sauti ya pili. Ulimpa. Akiomba mwingine, na moyo ukakataa, sema ukweli kwa upole: "Mimi mwenyewe sala inanilemea siku hizi, lakini nitakaa nawe usali." Au mwitie kasisi, shehe au mchungaji wake, kulingana na alivyo. Usiende tu ukajiita mwizi kwa kumshika mkono mtu anayeogopa saa nane za usiku.

Rafiki yako aliuliza swali zuri, ila neno moja ndani yake linakusumbua bila sababu: lile "au". Unauvaa kwa sababu unaamini au kwa sababu unamkumbuka mama? Wengi wetu tulipokea dini mikononi mwa mtu. Hatukuianza kwa hoja. Tuliianza kwa kumwona mtu fulani akifunga macho, akiinua viganja, akifunika kichwa. Ndiyo maana sikushangai mama alipoondoka akaondoka na sauti ya sala zako. Maneno imani, amani na amana yote yana mzizi mmoja wa Kiarabu, na katika maisha pia hayako mbali. Mama alikuachia amana. Amana hutunzwa hata na asiyeijua thamani yake yote, na kuitunza kwa uaminifu ni namna mojawapo ya imani, hata kama leo hujui kuitaja. Mjibu rafiki yako hivi: "Nauvaa kwa sababu ya mama, na bado namtafuta yule aliyemfanya mama auvae." Nina hakika ataelewa, maana naye ana kitambaa chake na ana siku zake.

"Usiuvue" nitalipita haraka. Mama alijua kazi yako. Hakuwa anakuagiza uvunje kanuni za chumba cha upasuaji wala urudi nyumbani mbio na kuchelewa kwa wagonjwa. Watu wanaokufa husema kwa maneno machache mambo makubwa, na sisi tunaobaki tunayashika maneno. Uvue unapopaswa kuuvua.

Sasa mtoto, maana swali lake ndilo linaloamua yote haya yatakwenda wapi.

Usimpe siku ya mtihani. Akiuvaa na kufaulu, atajifunza kwamba msalaba ndio uliofaulu, na mtihani ujao atauogopa bila huo. Akiuvaa na kufeli, itakuwa mbaya zaidi: kwa miaka yake 7 itambidi achague kama Mungu amemkataa au bibi alimdanganya, na ataamua peke yake usiku bila kukuambia. Unaijua hali hiyo. Ndiyo iliyokuwa nawe njiani siku ile ya mgonjwa.

Mwambie ukweli ulio sawa na umri wake. "Haunilindi nisiumie. Bibi aliuvaa na aliumwa. Mimi nauvaa na kuna siku nalia." Halafu, binti yangu, mweleze kile ulichokiandika mwanzoni mwa barua yako kwa sentensi mbili tatu, kisha ukakipita kana kwamba hakina maana. Nilipofika kwenye maswali yako nilirudi juu nikakisoma tena. Mtu akimuudhi, mama aliushika kwa vidole viwili, akanyamaza kidogo, ndipo akajibu.

Hiyo ndiyo maana yake. Umeihangaikia kwa kaka, kwa rafiki, wodini, na ilikuwa mbele ya macho yako tangu utoto. Sijui mama aliamini nini usiku akiwa peke yake, na wewe hujui. Lakini mnajua nyote alichofanya na kile kipande cha fedha: kilisimama kati ya hasira yake na watoto wake. Mara ngapi mlisalimika na neno kali kwa sababu ya vidole viwili? Nyinyi mlidhani mkono ukienda shingoni mmeharibu. Naona ndipo mlipokuwa salama.

Mwonyeshe mtoto hivyo. Mwache aushike, aone ulivyo mwepesi, aone pale ulipolainika kwa kushikwa. Na wewe, ujaribu mwenyewe, hata kabla sala haijarudi: ukiudhiwa na mgonjwa au na mume, peleka mkono pale, nyamaza kidogo, ndipo ujibu. Siku mtoto atakapokukuta ukifanya hivyo bila kujua kwamba anakutazama, hutahitaji kumweleza tena.

Limebaki la kaka, nililiacha kwa makusudi. Anasema Biblia imekataza, na ni kweli aya ipo, Kutoka 20. Lakini kitabu hichohicho, sura ya 25, Mungu anamwagiza Musa atengeneze makerubi wawili wa dhahabu juu ya sanduku la agano. Na katika Hesabu 21 anamwagiza atengeneze nyoka wa shaba, aliyeumwa na nyoka akimtazama apone. Nyoka yule alitunzwa kwa karne nyingi. Kisha katika Wafalme wa Pili, sura ya 18, mfalme Hezekia anamvunja vipande vipande, kwa sababu watu walikuwa wamefika mahali pa kumfukizia uvumba. Akamwita Nehushtani, kishaba tu. Ni shaba ileile. Iliyotengenezwa kwa amri ya Mungu ikavunjwa na mfalme anayesifiwa kwa kumcha Mungu, na kilichobadilika katikati ni mikono ya watu. Wakristo walibishana juu ya jambo hili kwa vizazi; mtaguso wa Nikea wa mwaka 787, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ulitenganisha heshima inayopewa picha na ibada inayompasa Mungu peke yake, na bado ubishi haukwisha mpaka leo. Kwa hiyo onyo la kaka lina uzito, na siku zile ulizorudi mbio nyumbani lilikuhusu. Mpe haki yake hapo. Unaweza hata kumwambia: "Kuna siku nimeufanya Nehushtani, na nimeacha."

Lakini kusema mama alikufa bila kuelewa, hapo alipita mpaka, na mwambie limekuumiza. Mwambie mkiwa wawili, bila mume wala watoto. Usimjibu kwa aya, maana atakuwa na aya nyingine na mtakesha. Fikiri pia kwamba naye amefiwa. Aliondoka katika kanisa la mama mama akiwa hai, na huenda walikuwa na maneno ambayo hawakuyamaliza. Wewe una kitu cha kushika. Yeye ana nini? Sijui kama kelele zake ni za sanamu tu.

Nenda kwake ukiwa umeuvaa. Kabla hujasema lolote la dini, mwulize anakumbuka nini kuhusu mkono wa mama ulipokuwa ukienda shingoni. Kisha nyamaza, umwache aseme.